Ndoo ya Mamdogo na Asilimia Zisizotulia

Mamdogo wangu anaitwa Bi Ndoo. Si jina la kuzaliwa, bibi yangu hakuwa na roho mbaya kiasi hicho. Ni jina alilopewa kazini, na limemganda kama chingamu chini ya dawati la shule. Akisoma hapa atanipigia simu kunigombeza, kwa hiyo mkiona nimepotea mtandaoni ghafla, mjue kilichonipata.

Ilikuwa hivi. Kampuni yao ilikuwa inaendesha kura za maoni. Unapiga simu kwa watu, unawauliza uchaguzi ukifanyika leo watampa nani, unajumlisha, asilimia zinapelekwa redioni. Mamdogo alisoma takwimu chuoni, akaajiriwa kama msimamizi wa chumba cha simu. Bado mgeni kabisa, hata choo hajajua kiko wapi, Bosi akaleta wageni na kutoa keki kwenye friji ya ofisi.

Sasa ile keki. Jamani. Ilikuwa imebaki kwenye sherehe ambayo hakuna aliyekumbuka ni ya nani. Juu ilikuwa na krimu ya kijani na kila mtu akadhani ni rangi. Haikuwa rangi. Ilikuwa na manyoya! Wenzake wenye uzoefu na lile friji walishika visahani tu, wakijifanya wanaongea. Mamdogo, mtoto wa watu mwenye adabu zake, akala kipande kizima huku anatabasamu. Bosi akasimama kuwaambia wageni, "Kampuni yetu inasikiliza sauti ya wananchi," na sauti iliyosikika ni ya mwananchi mmoja akitapika kwenye ndoo ya kudekia, kule kwenye kona, kwa nguvu zote.

Hapo yangeisha. Ila mama wa usafi, mtu mzima asiye na mzaha na vyombo vyake, aliiosha ile ndoo kwa maji ya moto, akaianika juani, kisha akachukua kalamu ya wino mzito akaandika ubavuni kwa herufi za kuonekana toka barabarani: YA BI NDOO.

"Mimi sidekii tena na hiyo," alisema. "Mwenyewe ajulikane."

Basi. Cheti cha chuo kikasahaulika, ndoo ikabaki.

Mimi niliingia pale baada ya kumaliza shule. Nilikuwa nimekaa nyumbani nabishana na watu mtandaoni bila malipo, mamdogo akaona heri nibishane kwenye simu kwa mshahara. Akanipa sharti moja tu: ofisini nisimwite mamdogo, nimwite Msimamizi. Nikaingia asubuhi, chumba kizima kinanitazama, nikasema kwa heshima zote, "Shikamoo, Bi Ndoo."

Alinikata jicho ambalo mpaka leo likinirudia usiku nageuka upande wa pili wa kitanda.

Kile chumba kilikuwa cha kutia kinyaa, sitawapamba. Zulia lilikuwa limelowa miaka mingi iliyopita na halijawahi kukauka, ukilikanyaga linakunong'oneza. Vipokea sauti vya masikioni tulikuwa tunapokezana. Unakivaa, unakuta bado kina joto la sikio la mwenzako, na sifongo yake inanata. Sitasema inanata nini, wengine mnakula. Madirisha hayakufunguka kwa sababu Bosi alisema kelele za nje zinaharibu rekodi. Bosi mwenyewe alikuwa na tabia ya kuchokonoa sikio kwa kifuniko cha kalamu, anakiangalia, halafu anakitumia kicho hicho kukuonyesha makosa kwenye skrini yako. Kwenye SKRINI YAKO.

Lakini mamdogo alikuwa mtu wa kazi. Namba za kupiga zilichaguliwa na kompyuta kwa bahati nasibu, na ukimpata mtu ukaona anabanwa, ukataka kuandika jibu lolote tu ili umalize, yeye alikuwa nyuma yako tayari. "Wewe mtoto. Amesema hajui. Andika hajui." Kama mtu hakupokea, unajaribu tena mchana, unajaribu tena jioni. Huruhusiwi kumruka ukampigia shangazi yako anayekaa tu nyumbani. Kupika data kwake ilikuwa uchafu kuliko ile keki. Na kwa kuwa ni kazi ya watu wachache, kila mtu anamjua kila mtu, jina lake safi ndilo lilikuwa mtaji wake wote. Mpishi wa takwimu akishajulikana ni mpishi, hakuna anayemfungulia mlango.

Wakati huo ulikuwa uchaguzi wa umeya. Wagombea wawili wa maana: mmoja mwuza mabati, tulimwita wa Mabati. Mwingine mwalimu mstaafu mwenye miwani minene, tukamwita wa Miwani. Kila wiki tulipata majibu ya watu mia nne, Bosi anapeleka namba redioni, na pale kuna Mtangazaji mmoja mwenye sauti ya mtu anayejipenda sana. Huyu alikuwa na sauti ya ndege aliyoirekodi sijui wapi. Mgombea akiongezeka alama mbili, ndege inapaa: vuuuuu! Akipungua alama moja, ndege inashuka na kulipuka. Alama moja jamani! Watu wanne kati ya mia nne! Labda wanne waliokuwa bafuni simu ilipoita!

"Mamdogo," nilimuuliza siku moja tukiwa nyumbani, tunasikiliza, "ni kweli watu wamebadili mawazo wiki hii?"

"Sijui," alisema, huku anakuna kisigino. "Na yeye hajui. Tofauti ni kwamba yeye ana ndege."

Halafu likaja balaa. Wiki moja wa Mabati alikuwa na asilimia hamsini na mbili, wiki iliyofuata akawa na arobaini na saba. Redioni ndege ikaanguka na kulipuka mara tatu mfululizo. Watu wa Mabati wakaja ofisini wakiwa wamevaa fulana zao mpya zinazonuka plastiki, wakajifungia na Bosi. Walipotoka, Bosi akasimama mlangoni pa chumba cha simu, jasho limemchora kwapani ramani mbili.

"Nani amepika?"

Mtu mmoja akakata simu yake katikati ya swali.

"Nauliza nani amepika! Mtu hawezi kuanguka alama tano kwa wiki moja bila sababu. Mgombea hajatukana mtu, hajaugua, hajakamatwa. Dada, chumba ni chako. Usiponitajia mtu, nitatangaza kwamba msimamizi ndiye aliyepika."

Mamdogo aliweka kalamu chini taratibu. "Mkurugenzi, hakuna aliyepika. Hizi namba zinaruka zenyewe."

"Namba haziruki zenyewe. Si vyura."

"Zinaruka. Niite kesho pamoja na Mtangazaji, nikuonyeshe."

"Utanionyesha kwa nini?"

Akaangalia kona. "Kwa ndoo yangu."

Nilitaka kucheka, nikamwona uso, nikameza.

Jioni ile alinipitisha kwenye baa moja ya karibu akaomba vizibo vya chupa. Walitupa gunia zima, wakatuona wendawazimu. Sijawahi kushika kitu kichafu hivyo. Vilikuwa vinanata, vina mabaki ya bia iliyooza na majivu ya sigara, na kila ukiingiza mkono mende anatoka kana kwamba umemgongea mlango. Tuliviosha kwa sabuni mara mbili, harufu ikagoma kuondoka. Tukatenga vyeupe mia tano na vyekundu mia tano.

"Si ningeandika tu programu kwenye kompyuta?" nililalamika, mikono imenuka mpaka kwenye kiwiko. "Dakika chache tu tunamaliza."

"Utaandika. Tutaitumia pia. Lakini nikianza na kompyuta watasema nimeipanga. Kizibo watakishika kwa mkono wao."

Kesho yake, chumba cha mikutano. Meza ya kioo, Bosi anaipenda kuliko wafanyakazi wake. Mtangazaji amejimwagia manukato mpaka macho yananiwasha. Mama wa usafi yupo mlangoni na mopu, kwa sababu ameona ndoo YAKE ya zamani inapita na anataka kujua inaenda wapi. Mamdogo akaiweka ndoo mezani, ngwaa. Maandishi yakamtazama Bosi usoni, yeye macho kwenye kioo chake tu, kama kimekwaruzwa.

"Hiki kinanuka nini?" Mtangazaji akaziba pua.

"Ni wapiga kura," mamdogo akamjibu. "Vyeupe ni wa Mabati, vyekundu ni wa Miwani. Nimewahesabu, ni nusu kwa nusu kabisa. Na hawa hawabadili mawazo. Vizibo havisikilizi redio wala havipewi fulana. Sawa?"

"Sawa," Bosi akasema, kiti kimerudi nyuma, asiguswe na harufu.

"Sasa fumbeni macho, kila mmoja achote mia. Akimaliza anarudisha, nachanganya, mwingine anachota."

Mtangazaji akachota kwa ncha za vidole kama anatoa nzi kwenye chai. Tukahesabu. Vyeupe hamsini na nane.

"Vuuu!" mimi nikasema. Samahani, ilinitoka.

Vikarudishwa, vikachanganywa. Bosi akachota. Vyeupe arobaini na tatu.

"Mh," Bosi akasema.

"Mama, karibu na wewe," mamdogo akamwita mama wa usafi.

"Mimi? Nimeshaiosha hiyo ndoo mara moja, inatosha maisha yangu yote." Lakini akaja. Akachota. Hamsini na moja. "Hao ni wengi au wachache?"

"Ni hao tu, mama." Mamdogo akamgeukia Bosi. "Hamsini na nane, arobaini na tatu, hamsini na moja. Ndoo ni ileile. Hakuna kizibo kilichobadili rangi. Nani amepika?"

Mende mmoja alitoka kwenye ndoo akavuka meza ya kioo, na hakuna aliyethubutu kumzuia.

Kisha ikawa zamu yangu. Nikawasha kompyuta, nikaonyesha ukutani. Programu yangu ilikuwa inafanya kilekile cha ndoo, ila bila harufu: mji wa kubuni uliogawanyika nusu kwa nusu, inachota watu mia nne, inaandika asilimia, inarudia mara elfu moja. Kila jibu linakuwa kitone kimoja, na vitone vikajipanga kuwa kichuguu: kileleni hamsini, vinapungua kuelekea arobaini na tano upande huu na hamsini na tano upande ule, na vichache mno vimetupwa nje ya hapo.

"Sisi tunapigia mia nne, si mia," mamdogo akaeleza. "Ukichota wengi zaidi, mruko unapungua. Wakiwa mara nne, mruko unakuwa nusu. Haupotei lakini. Hamsini na mbili ipo hapa. Arobaini na saba ipo hapa. Zote ziko ndani ya kichuguu cha mji ambao haujabadilika hata kidogo. Tukichukua wiki mbili mbili zinazofuatana, karibu moja katika kila sita zinaachana kwa alama tano au zaidi. Bure tu."

"Kwa hiyo umethibitisha kwamba hakuna aliyepika?" Bosi akauliza.

"Hapana. Nimekuonyesha kwamba huu mruko peke yake si ushahidi wa kupika. Kama una shaka na watu wangu, rekodi za simu zipo zote. Sikiliza."

Mimi hapo nilijisikia fahari mpaka nikasahau mikono yangu inanuka. Mtangazaji naye alikuwa amekunja uso kama mtu aliyenyimwa chakula.

"Ngoja. Kwa hiyo wiki hii hakuna habari?"

"Hakuna."

"Na wiki iliyopita?"

"Hakuna."

"Sasa mimi nitasema nini kwenye kipindi? Nitapiga ndege ya nini?"

"Piga muziki," mama wa usafi akamshauri.

Nilikuwa namwangalia Bosi. Nilitegemea aone aibu, au angalau aseme pole. Badala yake macho yake yalikuwa yameanza kung'aa. Alikivuta kiti mbele. Harufu ya vizibo haikumsumbua tena. Akaingiza mkono kwenye ndoo mwenyewe, akachota, akahesabu. Arobaini na nane. Akamwaga, akachota tena. Arobaini na sita. Akamwaga, akachota. Hamsini na nne. Akatabasamu, na nikaona kipande cha yai la asubuhi kwenye jino lake.

"Dada," akasema polepole. "Nikichota mara tano, moja lazima itanifurahisha."

"Mara nyingi, ndiyo. Lakini—"

"Na zote tano ni halali? Simu za kweli, watu wa kweli, hakuna aliyeandika uongo?"

Mamdogo alishaelewa anakopelekwa.

"Basi umetuokoa!" Bosi akapiga meza, vizibo vikaruka. "Tugawe chumba makundi matano. Kila kundi lipige mia nne. Mwisho wa wiki tunaangalia matano, tunachukua moja, zuri lakini lisilotisha, watu wa Mabati wanafurahi, na hakuna mtu duniani atakayesema tumepika! Kwa sababu hatujapika! Tumechagua tu! Na wewe utakuwa mkuu wa takwimu. Ofisi yako mwenyewe, dirisha linalofunguka."

Nimeshaona watu wakifanya mambo machafu. Nimesoma komenti za watu usiku. Lakini sijawahi kuona mtu akionyeshwa kioo ili ajione uso, akakichukua akaenda kukatia watu. Mama wa usafi alimtazama mamdogo, akaona rangi yake ya uso, akaimimina ile ndoo, vizibo vyote vikamwagika juu ya meza ya kioo, akaisogeza tupu mbele ya mamdogo. Uzoefu, jamani.

Mamdogo aliishika ndoo kwa mikono miwili. Akapumua.

"Hapana, mama," akasema. "Nikitapika leo atadhani ni keki."

Akasimama. "Mkurugenzi, ukipiga simu elfu mbili, sema elfu mbili. Jumlisha zote, utoe namba moja, na useme inaweza kuyumba kiasi gani. Ukificha makundi manne ukaonyesha moja, huo ni upishi. Umebadilisha jiko tu."

"Ukitoka kwenye mlango huo," Bosi akasema, bado anatabasamu na yai lake, "nitawaambia wote kwamba uliondoka kwa sababu ulipika. Ukibaki, wewe ni msafi. Chagua."

Mnaona uchafu wa huyo mtu? Mamdogo anabaki msafi akifanya uchafu, anakuwa mchafu akikataa. Na ana nyumba ya kulipia, na mimi ndani yake nakula kama nina wenzangu tumboni. Yeye akachukua ndoo yake na kutoka. Mimi nikafunga kompyuta nikamfuata. Mlangoni nikasahau kabisa masharti, nikaita, "Mamdogo, nisubiri!" na nyuma yangu nikasikia Mtangazaji akisema, "Kumbe ni ndugu?"

Bosi alitimiza ahadi yake, hilo nimsifu. Mamdogo aliomba kazi kwenye kampuni moja, wakamwita kwa furaha, halafu wakanyamaza. Akaomba nyingine, wakamwambia nafasi imejaa, na tangazo lao bado liko mtandaoni linapepea. Akawa anakaa jikoni anakata vitunguu vingi kuliko tunavyohitaji. Ukimuuliza analia nini anasema vitunguu.

Mimi silaha yangu ni moja tu, upumbavu wa mtandaoni. Nikamrekodi. Alikataa uso wake kuonekana, kwa hiyo video ilikuwa mikono yake tu na ndoo, YA BI NDOO imejaa skrini nzima. Vizibo tulivipata tena baa ileile. Anachota, anahesabu, anasema, "Huu mji haujabadilika." Anachota, anahesabu, "Bado haujabadilika." Mara kumi. Mwisho anasema, "Redio ikikuambia mtu amepaa alama mbili, uliza walichota wangapi, na walichota mara ngapi." Nikaweka na maneno: Ndoo ya mamdogo wangu ina akili kuliko redio yenu.

Watu walicheka kwanza, kama kawaida. "Huyu Bi Ndoo mikono yake inahitaji mafuta." "Naomba namba ya ndoo." Halafu wakaanza kuchota wenyewe. Mmoja alitumia vifungo vya shati, mwingine karata, kuna aliyetumia soksi za watoto wake akalalamika kwamba ukichota mia hazibaki za kuvaa shule. Na wote wakaona kitu kimoja: zinaruka. Hazitulii hata ukizibembeleza.

Redioni, kumbe, zilikuwa zimetulia. Tulisikiliza kila wiki, mamdogo na kisu chake cha vitunguu mkononi. Wa Mabati hamsini na tatu. Hamsini na nne. Hamsini na tatu. Hamsini na mbili. Hamsini na tatu. Hamsini na nne. Ndege ilikuwa inapaa kidogo kidogo, kwa adabu.

Mamdogo akaacha kukata. "Washa ile kompyuta yako."

Nikajenga mji mpya ambamo wa Mabati ana hamsini na tatu za kweli, tukampa Bosi heshima zote. Nikachota mia nne wiki sita, nikarudia hivyo mara elfu moja. Tulitafuta zile ambazo wiki zote sita zilikaa kati ya hamsini na mbili na hamsini na nne bila kutoka. Katika elfu nzima hazikufika kumi.

"Zimetulia mno," akanong'ona. "Anachagua ile inayofanana na ya wiki iliyopita. Anaogopa miruko."

"Tuiweke mtandaoni?"

"Hapana." Akafuta mikono kwenye kanga. "Nipe simu. Si wanapokea simu za wasikilizaji?"

Siku hiyo Bosi alikuwa mgeni studioni, anajisifu. Mamdogo alisubiri kwenye laini mpaka sikio likawa jekundu. Mtangazaji akamfikia. "Nani mwenzetu na unapiga toka wapi?"

Nilimwona akisita. Jina lake halisi lilishapakwa tope na huyo aliyekaa studioni, angelitaja angekatiwa simu papo hapo. Akafumba macho.

"Naitwa Bi Ndoo," akasema, redio nzima. "Napiga toka jikoni."

"Ah! Bi Ndoo wa video! Karibu, karibu!" Mtangazaji akasahau kabisa kwamba aliwahi kuziba pua mbele ya ndoo hiyohiyo. Jamaa wa hivi wapo.

"Nina swali kwa Mkurugenzi. Namba zenu hazirukiruki. Mmefanyaje? Maana za ndoo yangu zinaruka sana."

Na Bosi, wasomaji wangu, ambaye siku zote alimwita Dada tu na hakuwahi kujua majina ya utani ya wafanyakazi wake, akajibu. Hakuna aliyemlazimisha. Alijibu kwa sauti ya mtu anayetoa siri ya urembo. "Ni ubora, mama. Wenzetu wanachota mara moja wanakimbilia kutangaza. Sisi kila wiki tuna makundi matano, yote ya simu halali, halafu tunakaa, tunachagua lile lililo bora."

"Na yale manne?"

"Tunayaweka pembeni."

Aliyekuwa kwenye mitambo, sijui kwa makusudi au alishtuka, akabonyeza kitufe. Ndege ikashuka na kulipuka.

Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni. Mamdogo hakucheka. Alirudisha simu, akanawa mikono kwa sabuni, akanawa tena, kama siku ile ya vizibo. "Hata hajui kwamba ni uchafu," akasema. "Hicho ndicho kinachonitapisha. Alikuwa anajivunia."

Msifikiri mji uliandamana. Nusu ya wasikilizaji hawakuelewa kilicholipuka. Bosi alibadilisha jina la kampuni, akapaka kibao rangi mpya, na mama wa usafi ananiambia friji ni lilelile, na ndani kuna keki. Lakini kwa watu wa ile kazi, walioelewa, jibu lile lilitosha. Kampuni moja ya sabuni ilimpigia mamdogo kabla wiki haijaisha. Sasa kazi yake ni kuuliza watu wanapenda harufu gani. Kila matokeo anayotoa anaandika walioulizwa ni wangapi na namba inaweza kuyumba kiasi gani, na mameneja wanalalamika kwamba haifurahishi, na anawaambia ndiyo, haifurahishi.

Nilipeleka ndoo yake kwenye kazi yake mpya kama zawadi. Nikaiweka mapokezi, maandishi yakiangalia mlango. Hajaongea na mimi tangu hapo, ila chakula ananiwekea.

Sasa nyinyi. Najua mnayo majina mliyobandikwa kazini na hamtaki watoto wenu wajue. Najua pia kuna bosi aliyewahi kuwaambia mhesabu tena, na tena, mpaka ipatikane namba inayomfurahisha. Niandikieni hapo chini, jina lilivyowaganda na namba ilivyochaguliwa. Anayesema hana kisa, nitamletea kipande cha keki.